Sauti Isiyosikika



Katika Bahari ya Hindi, kusini ya Java, kimo kisiwa cha Australia kiitwacho Kisiwa cha Krismasi, kwa kuwa nahodha William Mynors alikipitia siku ya Noeli ya mwaka 1643. Humo Mwenyezi Mungu aliweka viumbe viwili vidogo ambavyo asili yao ni huko tu.

Wa kwanza ni ndege mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Huruka makundi makundi mitini, na kila mpita njia humsikia. Hata leo wako wengi. Wa pili alikuwa popo mla wadudu, mwenye uzito wa gramu tatu au nne hivi. Yeye naye alilia usiku, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba mno kwa sikio la mtu. Ilitakiwa mashine kuinasa.

Miaka ya 1980 popo huyo naye alionekana kisiwani kote. Tangu miaka ya 1990 wataalamu waliona anapungua. Mapema mwaka 2009 walionya kwamba wamebaki wapatao 20 tu, wakaomba baadhi yao wakamatwe wakafugwe. Ruhusa ya serikali ikatolewa Julai. Mwezi wa Agosti walimkuta mmoja tu, wasiweze kumkamata. Usiku wa tarehe 26 Agosti mashine iliinasa sauti yake mara ya mwisho. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba popo hao wametoweka duniani.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Noe hakungoja mvua inyeshe ndipo aijenge safina.

Hatusemi kwamba ndege yule amepona kwa sababu ya kuimba. Lakini sisi wanadamu ndivyo tulivyo: apigaye kelele twamwendea upesi, anyamazaye twamwahirisha. Katika nyumba zetu wamo wasiosikika: bibi mzee asiyetaka kusumbua watu, mtoto aliyeacha kucheza na wenzake, jirani mgonjwa ajibuye kila siku kuwa hajambo. Nasi twasema, "Tutamwona Jumapili ijayo." Tunapoungama twataja mabaya tuliyoyatenda, je, mema tuliyoyaahirisha?

Toba huondoa dhambi, lakini haimrudishi aliyekwisha potea. Basi, ndugu, kabla jua halijachwa leo, kila mmoja amkumbuke mtu wake anyamazaye, ainuke, aende akabishe hodi.