Mzabibu, Kisima na Kontrola ya Baiskeli

Anayejitengenezea baiskeli ya umeme huumiza kichwa juu ya betri na mota, halafu kontrola akachukua yoyote iliyopo dukani, ilimradi volti zilingane. Huko ni kuanzia mwisho. Betri ina uwezo tu, na mota vilevile; kinachotoa ruhusa ni kontrola. Ndiyo inayoamua zitoke ampea ngapi, umeme ukatwe volti zikishuka hadi wapi, na gurudumu lifike mwendo gani kabla mota haijaachia. Kwa hiyo anayechagua kontrola anachagua mipaka, na suala la mipaka lilikuwa la wanazuoni kabla halijawa la mafundi: je, jambo lililo halali lizuiwe kwa hofu ya kule linakoweza kufikisha?

Wanafikihi, hasa wa madhehebu ya Maliki, wamelijadili suala hilo kwa jina la sadd al-dharai, kuziba njia za uovu. Shihabuddin al-Qarafi, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 1285, alizigawa njia hizo mafungu matatu. Lipo fungu ambalo wote wamekubaliana lizibwe, na mfano wake ni kuchimba kisima kwenye njia wapitayo watu. Kuchimba si haramu, wala maji si haramu, lakini mtu atatumbukia. Lipo ambalo wote wamekubaliana lisizibwe, kama kupanda mizabibu. Hakuna aliyesema mizabibu ing'olewe eti wapo watakaokamua mvinyo. La tatu ni lile wanalovutana, hasa katika mauzo ya mkopo, nalo si letu leo. Ninavyouelewa mgawanyo huu, haupimi ukubwa wa hatari peke yake. Ndani yake mna maswali mengine mawili: njia yenyewe ina manufaa gani, na atakayeumia ni nani.

Kwa mizani hiyo, kontrola kubwa ni mzabibu. Yenye transista 12 za nguvu badala ya 6, inayostahimili ampea 30 lakini ikapangiwa 15, haipati joto kali, haiungui mlimani ukiwa na mzigo nyuma, na hudumu. Kuikataa kwa sababu tu inaweza kutoa zaidi ni kung'oa shamba zima. Kisima ni kitu kingine: ni ile swichi ya kidole gumba inayofuta kikomo ukiwa barabarani. Sheria za Ulaya huitambua baiskeli ya umeme kuwa baiskeli pale mota yake isipozidi wati 250 na msaada wake ukakatika kwenye kilomita 25 kwa saa. Unaweza kubishana na namba hizo, lakini huwezi kubishana na hesabu iliyo nyuma yake: nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kilomita 45 hubeba zaidi ya mara tatu ya nishati ya kilomita 25, ilhali mwendo haujafika hata mara mbili. Na swichi hiyo haina manufaa mengine. Haisaidii mlimani, haitunzi betri. Kazi yake ni moja tu, kumkabidhi uamuzi mtu ambaye tayari damu imemchemka.

Mbaya zaidi ni hila ya shanti. Ukifungua kontrola ya bei nafuu, kwenye bodi utaona kipande kifupi cha waya mnene kilichopindwa, ncha zake zimechomekwa upande huu na huu. Hiyo ndiyo shanti: umeme wa betri hupita hapo, na kontrola hujua ampea zinazopita kwa kupima volti ndogo iliyopotea juu yake. Basi fundi hupasha moto chuma cha kulehemia, akaupaka waya huo lehemu hadi ukavimba. Ukinzani hupungua, na kontrola huendelea kusoma 15 wakati zinazopita ni 20. Joto nalo hukua kwa mraba, kwa hiyo transista hubeba karibu mara mbili ya ilivyokusudiwa, na ikiungua mara nyingi hujifunga moja kwa moja, gurudumu likawa zito kusukuma. Aliyeongeza kikomo kwenye programu anajua alichofanya. Huyu wa shanti amemdanganya mpimaji wake mwenyewe, kisha anautegemea ushahidi wake.

Waislamu wengi wa pwani yetu ni Mashafii, na msomaji wa huko atanikumbusha kwamba Imam Shafii hakuikubali kanuni hii kama wengine walivyoikubali. Aliyapima mauzo kwa sura yake ya nje, hakuyabatilisha kwa kushuku nia. Pingamizi hilo ni zito, lakini linamhusu hakimu anayemshuku mtu mwingine. Anayefunga kontrola yake mwenyewe hamshuku mtu. Nia anaijua, na kidole chake anakijua. Wala suala la kisima halikomei kwa Wamaliki. Mashafii nao wanasema aliyechimba kwenye uwanja wake hadaiwi, ila aliyechimba kwenye njia ya watu bila idhini anadaiwa fidia ya aliyetumbukia. Hapo ndipo linapojibiwa dai la “baiskeli ni yangu”. Ni yako kweli, na uani kwako ipeleke utakavyo. Barabara si yako.

Wapo pia watakaosema kwamba uadilifu wa kulazimishwa na chuma si uadilifu, na kwamba mwema ni yule mwenye swichi asiyeibonyeza. Nakubali kwamba huyo ni bora. Lakini mtembea kwa miguu hakuombwa awe mtihani wa tabia ya mtu. Hoja ya madereva ni ngumu zaidi: kwenye msongamano, mnyonge wa kuondoka ndiye anayegongwa. Ni kweli, ila kuondoka kwa nguvu na kwenda kasi ni mambo mawili. Nguvu ya kuondoka hutokana na ampea zinazoingia kwenye nyaya za mota, na kontrola nzuri huruhusu uzipandishe huku ukiuacha mwendo wa juu ulipo. Ndiyo sababu ya kulipia inayopangika kwa kompyuta, nyumbani, badala ya ile ya swichi. Na ziunganishwe zile waya za breki zinazoachwa zikining'inia, kwa sababu bila hizo, anayebana breki huku kidole kimesahaulika kwenye kiongeza mwendo anashindana na mota yake mwenyewe.