Mzigo wa Mwenzio

Wazee wetu walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo nimeisomesha darasani kwa miaka mingi, nikiwaeleza wanafunzi kuwa usufi ni mwepesi, na kwamba kila mtu huuona mwepesi mzigo asioubeba yeye. Nikawatungia na mitihani juu yake. Lakini maana yake sikuijua mpaka nilipozeeka.

Mama yangu alipatwa na kiharusi mwaka 1992, akalala miaka 6 katika nyumba yetu ya Malindi, chumba cha juu, kwani ngazi za nyumba zile za kale ni za kusimama wima na mgonjwa hateremshwi ila kwa kubebwa na watu wanne. Aliyemuuguza ni dada yangu mdogo. Alimkosha, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza ubavu kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya kulalia. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu. Nikipita kila Ijumaa baada ya sala, mkate wa mofa na matunda mkononi, nikikaa nusu saa kisha nikienda zangu. Majirani wakinisifu kuwa ni mtoto mwema.

Ijumaa moja dada alinifuata mpaka mlangoni, chini. "Kaka," akasema, "jana usiku nimemwambia mama 'ah!' Aliniita mara ya nne, nikamwambia 'ah!', na moyoni nikatamani yaishe."

Nikamjibu kwa ualimu wangu. Nilimkumbusha Sura ya Al-Israa, aya ya 23, inayomkataza mtoto kuwatolea wazazi wake hata neno dogo kama hilo wanapofikia uzee naye yuko nao. Nikamwambia alete toba. Dada alinyamaza, akapanda ngazi. Tangu siku hiyo hakunieleza tena la moyoni mwake mpaka mama alipofariki mwaka 1998.

Miaka mitatu sasa mke wangu naye amelala kwa maradhi hayo hayo, na safari hii mwenye kuuguza ni mimi. Nimekwisha kusema "ah!" mara nyingi kuliko nipendavyo kukiri. Ndipo swali la dada liliponirudia: mtu akichoka na ampendaye, akamkasirikia, je, mapenzi yake yalikuwa ya uongo?

Nimelifikiri sana swali hili saa zile za kabla ya alfajiri, nikingoja adhana. Kwanza, aya ile niliyomsomea dada sikuifahamu vyema. Hakatazwi mtu jambo ambalo hakuna nafsi inayolielekea. Kukatazwa neno dogo kama hilo ni dalili kwamba Muumba anajua kuwa hata mtoto mwema, usiku ukimwelemea, litamjia ulimini. Aya inauzuia ulimi. Haikusema kwamba moyo hautachoka. Mwaka 1980 Steven Zarit na wenzake huko Marekani walitunga maswali ya kupima uzito wa mzigo wa mwenye kuuguza mzee, na miongoni mwake limo swali la kama huwa anaona hasira anapokuwa na mgonjwa wake. Hasira hiyo basi si ajabu ya mtu mmoja mwovu.

Pili, na hili ndilo linaloniuma, aya haikuteremka kwa binti peke yake. Mimi nami nilikuwa mtoto wa mama yule. Sikupata kumwambia "ah!" kwa sababu sikuwapo saa nne za usiku, wala saa nane, wala saa kumi. Ulimi wangu ulikuwa safi kwa kuwa mikono yangu ilikuwa mitupu. Nilimhukumu aliyebeba, nami nimesimama kando na mkate wa mofa.

Wako watakaosema kuwa maneno ya mwuguzaji kujipumzisha ni ya ubinafsi, na kwamba wema wa kweli hauhesabu saa. Hao nawakumbusha kisa cha Salman na Abu Dardai. Salman alimkuta ndugu yake huyo amezama katika ibada, mchana anafunga na usiku hataki kulala, akamwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi kila mwenye haki apewe haki yake. Mtume akasema kuwa Salman amesema kweli. Ikiwa ibada yenyewe haikuruhusiwa kuila haki ya mwili, sembuse kuuguza? Tena asiyelala, mkono wake huwa mzito, na mgonjwa ndiye wa kwanza kuuhisi uzito huo anapogeuzwa.

Kwetu tuna mila njema ya kwenda kumtazama mgonjwa. Tunapanda ngazi, tunauliza hali yake, tunaomba dua, tunateremka. Aliyetufungulia mlango hatumwulizi kitu. Pencheni jamii ilipoanza hapa Zanzibar mwaka 2016, mzee aliyetimiza miaka 70 alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini usingizi wa anayemuuguza mzee huyo Serikali haiwezi kuulipa. Huo unatoka kwa jamaa, kwa mtu kusema: "Leo lala wewe, nitakesha mimi."

Mwaka jana nilimwendea dada nikamwomba radhi kwa jibu la Ijumaa ile. Alicheka kidogo. "Kaka," akasema, "siku ile sikutaka aya. Nilitaka ukae mpaka asubuhi."

Siku hizi huja kila Jumatatu, yeye na magoti yake mabovu, akaniamuru nitoke. Mara ya kwanza nilikwenda barazani, mtu akatia mzaha, nami nikacheka kwa sauti, kisha nikaona haya, kama niliyeiba. Nikainuka nirudi. Nilipofika mlangoni dada alinichungulia kutoka dirishani, akaniambia bado saa moja. Nikarudi barazani nikakaa.