Je, Mhudumu wa Afya Akivunjika Moyo, Amepungukiwa Imani?

Katika makanisa yetu tumezoea kuwaombea wagonjwa. Tunawaombea kwa majina, tunawatembelea, tunawapelekea uji na matunda. Mara chache tunamwombea yule anayewapokea: muuguzi wa zamu ya usiku, dereva wa gari la wagonjwa, mhudumu wa chumba cha maiti. Tunamhesabu kuwa sehemu ya jibu la maombi yetu, hivyo hatufikirii kwamba yeye naye ni mhitaji. Janga la UVIKO-19 lilifunua upungufu huo. Nataka tutafakari swali moja: mtu aliyeitwa kuokoa wengine, naye akaogopa, akakosa usingizi, akafikia hatua ya kutamani asirudi tena kazini, je, amepungukiwa imani? Na kama hajapungukiwa, sisi tuliohudumiwa naye tunadaiwa nini?

Mzigo walioubeba

Tukumbuke ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Mwezi uliofuata, kuanzia tarehe 17 hadi 19 Aprili, taifa lilifanya maombi ya siku tatu. Hesabu ya mwisho iliyotangazwa wakati huo ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo takwimu hazikutolewa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Juni 2020 tulitangaziwa kwamba Mungu ametuondolea ugonjwa huo, nasi tukaimba kwa shukrani. Mwanzoni mwa 2021 misiba ikaongezeka, na katika matangazo ya vifo tukazoea kusikia maneno "changamoto za upumuaji". Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021, wahudumu wa afya wakiwa miongoni mwa waliopewa kipaumbele. Maana yake, kwa zaidi ya mwaka walisimama mbele ya mgonjwa bila kinga hiyo.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini mzigo huo uliongezwa juu ya mingine. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita Iringa na Mbeya, ikibeba malori ya Zambia na Kongo. Mei 2020 Zambia iliufunga kwa muda mpaka wake wa Nakonde kwa sababu ya maambukizi. Ajali za Mlima Kitonga na Mlima Nyoka hazikungoja janga lipite. Majeruhi akiletwa anahema kwa shida, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumuuliza kama ana homa. Katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, katika ile ya Mkoa wa Iringa, na katika hospitali za makanisa kama Chimala, Ilula na Tosamaganga, mhudumu alipaswa kwanza kumshika mgonjwa, hofu akaimalize baadaye.

Tena, wengi wao hawakuanza kuona vifo mwaka 2020. Mikoa yetu imebeba UKIMWI kuliko mikoa mingi. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulionyesha maambukizi ya zaidi ya asilimia 11 ya watu wazima Iringa, na zaidi ya asilimia 9 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa karibu asilimia 5. Muuguzi mwenye umri wa miaka hamsini katika mikoa hii ameshazika wagonjwa wa kizazi kizima. Janga jipya lilimkuta akiwa bado na majonzi ya zamani.

Muuguzi mmoja tunayesali naye aliniambia hivi: "Mzee, kazini nikiogopa naambiwa uuguzi ni wito. Kanisani nikiogopa naambiwa nina imani haba. Sasa nikaogopee wapi?" Alikuwa akivua sare nyuma ya nyumba na kuoga kabla ya kuwasalimia watoto wake. Kwa miezi kadhaa hakumbeba mdogo wao, ambaye alikuwa akilia mlangoni akimtaka mama. Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kwamba alihitaji la haraka.

Eliya chini ya mretemu

Maandiko yanatupa mtu wa kumtazama. Katika 1 Wafalme 19 tunamkuta Eliya jangwani, chini ya mti wa mretemu, akimwomba Mungu amtwae kwa sababu amechoka kuishi. Huyu ndiye aliyesimama juu ya mlima Karmeli mbele ya manabii wa Baali bila kutetemeka. Ushindi ule na uchovu huu viko katika sura mbili zinazofuatana. Aliyevunjika moyo ni mtu yuleyule mwenye imani, na wala hatusomi kwamba imani ilikuwa imemtoka.

Tuangalie Mungu alivyomtendea. Malaika hakuja na mahubiri wala karipio. Eliya alilala, akaguswa, akakuta mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Akala, akalala tena. Mara ya pili malaika akamwambia ale kwa kuwa safari ni kubwa kupita nguvu zake. Mbingu yenyewe ilikubali kwamba mzigo ulimzidi nabii! Mazungumzo juu ya kazi yalikuja baadaye, kule Horebu, na hapo Mungu akamwonyesha Elisha wa kushika nafasi yake, akamjulisha pia kwamba wako watu elfu saba waliobaki waaminifu. Kwa hiyo matibabu ya Eliya yalikuwa usingizi, chakula, kusikilizwa, na kupata mwenzake. Kama Mungu hakuona aibu kumhudumia nabii wake kwa njia hizo, tunapata wapi ujasiri wa kumwambia muuguzi aliyechoka kwamba aongeze tu maombi?

Sisemi kwamba maombi hayana nguvu. Wahudumu wengi wanashuhudia kwamba bila sala ya asubuhi wasingeweza kuingia wodini. Ninachokataa ni kuitumia sala kama njia ya kumnyamazisha mtu. Sala ya kweli inamfungulia mwenye uchungu mlango wa kusema.

Wito una pande mbili

Mtu atauliza: kama kila mwenye hofu ataruhusiwa kupumzika, nani atahudumia wagonjwa? Swali hilo ni la haki, na Kanisa limewahi kulijibu. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Martin Luther aliandika barua kuhusu kama inafaa kuukimbia ugonjwa wa kufisha. Alisema wenye dhamana ya kuwahudumia watu wasiwaache. Lakini alikubali pia kwamba mtu anaweza kuondoka pale ambapo wapo wengine wa kutosha kushika kazi yake, na aliwakemea wanaodharau dawa na tahadhari kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu. Mwaka huohuo Luther mwenyewe alipita katika giza zito la moyo. Aliyeandika kuhusu wajibu alijua kuvunjika moyo ni nini.

Basi wito una pande mbili. Anayeitwa anafungwa na wajibu wa kuhudumu, na wanaohudumiwa wanafungwa na wajibu wa kumtegemeza. Msamaria mwema wa Luka 10 hakumuuguza majeruhi peke yake siku zote. Alimkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi, akaendelea na safari yake. Tumemhubiri Msamaria mara nyingi, na tumemsahau yule mwenye nyumba aliyeachiwa mgonjwa, ambaye naye aliahidiwa kwamba gharama yake haitapotea.

Mahali ambapo ahadi hiyo haipo, hatari yake ni ya kweli hata kwa mataifa tajiri. Aprili 2020 daktari Lorna Breen, mkuu wa idara ya dharura katika hospital moja ya New York na mwamini Mkristo, alijiua baada ya wiki za kuhudumia wagonjwa wa UVIKO-19 na yeye mwenyewe kuugua. Familia yake ilieleza kwamba aliogopa kupoteza kazi ikijulikana kuwa ametafuta msaada wa akili. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake ya kulinda afya ya akili ya wahudumu wa afya. Kwetu hofu hiyo ina sura yake: ukitaja afya ya akili, mtu anakudhania ni wa kupelekwa Mirembe.

Deni letu

Tunaweza kuanza na mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, tuwataje wahudumu wa afya katika maombi ya Jumapili kama watu wenye haja zao wenyewe. Pili, jumuiya imtembelee muuguzi anayetoka zamu kama inavyomtembelea mfiwa, maana kwa kweli amefiwa mara nyingi. Apikiwe, watoto wake waangaliwe, alale. Tatu, wachungaji na wazee tujifunze kusikiliza bila kukimbilia kutoa mstari, na kumsindikiza mtu kwa mtaalamu wa afya ya akili pale usingizi na hamu ya kuishi vinapomtoka. Kumpeleka huko si kumnyima Mungu nafasi. Nne, wanaoongoza hospitali za makanisa waitazame likizo na mapumziko ya zamu kuwa sehemu ya huduma.

Tano, tuwaruhusu wauite msiba kwa jina lake. Wapo waliofunga macho ya wagonjwa na ya wenzao wa kazini, kisha wakakosa mahali pa kusema walichokiona. Tuliimba shukrani kwa kupona kwetu, na tulifanya vema. Ibada ya kuwaombolezea hao, na kuwasikiliza waliokuwa nao saa ya mwisho, katika sharika nyingi bado haijafanyika. Janga lingine likija, watakaotupokea mlangoni ni haohao.