Miungu Iliyochoka Kuchimba



Katika miaka yetu ya kufundisha chuo cha ualimu, wanachuo walituuliza mara nyingi: Je, visasili, yaani hadithi za kale za miungu na asili ya dunia, vina faida gani ikiwa si kweli? Tulikuwa tukijibu upesi kwamba ni hadithi za kupitishia wakati. Jibu hilo halikuwa la haki, na leo twapenda kulisahihisha.

Tutazame kisa cha Atrahasis, kilichoandikwa katika vibao vya udongo huko Babeli, nchi ambayo leo ni Iraki, yapata miaka 3,600 iliyopita. Kisa chasema kwamba hapo mwanzo miungu midogo ndiyo iliyochimba mifereji. Ikachoka, ikachoma zana zake, ikaizingira nyumba ya Enlil, mkuu wake. Ndipo mwanadamu akaumbwa kwa udongo uliochanganywa na damu ya mungu aliyeuawa, ili aichukue kazi ile. Watu walipoongezeka, kelele zao zikamnyima Enlil usingizi. Akaleta tauni, kisha ukame, na mwisho gharika.

Kisa hiki hakituelezi jinsi dunia ilivyoanza, lakini chatueleza habari za Babeli. Kusini mwa nchi ile mvua ni haba. Bila mifereji ya Frati na Tigri hapana shayiri. Mifereji hujaa matope, nayo haina budi kuchimbwa tena na tena, na wafalme waliwatoza watu kazi hiyo. Basi watu wale waliiwaza mbingu kama walivyoiona dunia: mkubwa hulala, mdogo huchimba, na mdogo akipiga kelele huadhibiwa.

Hata hivyo Enlil hakuachwa bila aibu. Baada ya gharika miungu ilishikwa na njaa, maana waliokuwa wakiilisha wamekufa. Mtunzi alijua kwamba mkubwa hula kwa jasho la mdogo.

Nasi je? Twasoma katika kitabu cha Mwanzo kwamba mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, na Jumapili twakiri hivyo. Lakini mgeni akiingia nyumbani mwetu Jumatatu, akamkuta msichana wa kazi ambaye huamka wa kwanza na kulala wa mwisho, naye anakemewa kwa kuangusha sufuria baba akiwa amelala, atadhani twaamini kisa kipi?