Kielelezo na Ukweli

Mwaka wa 1911, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki mpaka karibu nyuzi 269 za sentigredi chini ya sifuri, na ukinzani wake kwa umeme ukatoweka. Mwaka wa 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, karibu na Zurich, waliona dalili za hali hiyo katika mchanganyiko wenye shaba na oksijeni, penye baridi iliyopungua ukali. Sababu ya zebaki ilielezwa mwaka wa 1957. Ya shaba ingali inabishaniwa.

Ugumu ni kwamba elektroni za shaba hiyo husukumana mno, hata mwendo wa moja hauhesabiki pasipo mwendo wa nyingine. Kwa hiyo wataalamu hutumia kielelezo cha John Hubbard cha mwaka wa 1963. Ndani yake elektroni huruka kutoka kituo hata kituo cha jirani, na mbili zikikutana kituo kimoja hulipa ushuru wa nishati. Vituo 4 vina hali 256. Vituo 16 vina hali 4,294,967,296. Vituo vikizidi kuongezeka, hata kompyuta hulazimika kukadiria.

Je, ni halali kuliita kweli jibu la kielelezo kilichoacha mengi nje? Wako wasemao kuwa kupunguza ni kudanganya. Lakini asiyeacha lolote hawezi kueleza lolote. Kosa ni kuficha kilichoachwa.

Kwa miaka mingi ilibishaniwa kama elektroni hizo hutengana, penye wingi mbali na penye uhaba. Mwaka wa 2017 njia kadhaa za hesabu, kila moja na udhaifu wake, zilishuhudia jambo moja: elektroni hujipanga kwa mistari. Mashahidi wenye kasoro mbalimbali wakiafikiana, ushahidi wao una uzito.

Mwaka wa 2020 kundi la watafiti lilitangaza kwamba, katika sehemu iliyochunguzwa, kielelezo kitupu hakina hali ile ya umeme usiokinzwa. Mwaka wa 2024 baadhi yao waliruhusu elektroni ziruke kwa mshazari pia. Hali ikatokea, ikiishi pamoja na mistari.

Jambo dogo lililoachwa liligeuza jibu. Hata hivyo hawakuwa waongo mwaka wa 2020, kwa kuwa walihukumu kielelezo kitupu, wala hawakuihukumu shaba. Mwanachuoni atajaye mpaka wa neno lake huweza kusahihishwa bila ya kuaibishwa.