Refa hakuona: Je, bao ni halali?

Miaka michache iliyopita timu ya soka ya chuo ninachofundisha Maarifa ya Uislamu ilicheza na chuo jirani. Zikiwa zimebaki dakika chache mchezo umalizike, ilipigwa kona, na kijana mmoja, mwanafunzi wangu, akausukuma mpira wavuni kwa mkono. Refa alikuwa amezibwa na msongamano wa wachezaji, akaonesha kati. Wapinzani walilalamika mpaka wakachoka. Sisi tulishangilia. Nasema "sisi" kwa sababu nami nilikuwepo pale, niliuona ule mkono, na nikashangilia.

Jumatatu darasani, mada ikiwa ni uaminifu, kijana yule aliuliza: "Ustadh, bao la juzi ni halali?" Darasa likacheka. Nami nikacheka, nikamjibu kuwa uamuzi wa refa ni wa mwisho, tukaendelea na somo. Jibu lile lilininyima raha, kwani lilikuwa la kukwepa.

Ndugu msomaji, ni kweli kuwa bila ya kumtii refa hakuna mchezo. Lakini uamuzi wa refa unamaliza ubishi tu. Haugeuzi batili kuwa haki kwa yule anayeujua ukweli. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alitahadharisha kuwa yeye huhukumu kwa yale anayoyasikia, na huenda mmoja wa wagombanao akawa hodari zaidi wa kujieleza. Basi atakayehukumiwa apewe haki ya nduguye, ajue kuwa amekatiwa kipande cha Moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haimhalalishii mtu kile anachojua si chake, itakuwaje filimbi ya refa?

Isitoshe, sheria za soka zinamruhusu refa kubadili uamuzi wake maadamu mchezo haujaanzishwa tena. Kijana yule alikuwa na nafasi ya kusema. Alichokosa ni watu wa kumzoesha kusema.

Wapo watakaosema: "Huo ni mchezo tu." Lakini lau wapinzani ndio wangefunga kwa mkono, tungevamia uwanja. Huku ndiko kupunja kunakokemewa katika Suratul Mutaffifin: mtu kutaka kipimo kijae anapopokea, na kupunguza anapowapimia wenzake. Tena wanamichezo wa vyuo si watoto. Baada ya mwaka mmoja au miwili huyu atasahihisha mitihani, yule atashika fedha za ofisi. Huko nako refa hataona kila kitu.

Tumezoea kusema kuwa michezo hujenga tabia. Kwa maoni yangu, michezo hutoa nafasi tu. Tabia hujengwa na kile tunachokisifu. Tulipombeba kijana yule mabegani, tulimpa somo zito kuliko langu la Jumatatu.

Tujifunze pia kwa wengine. Aprili 26, 2008 huko Marekani, wasichana wa vyuo vikuu vya Western Oregon na Central Washington walikuwa wakicheza softiboli. Katika mchezo huo, anayeupiga mpira kwa gongo ukavuka uzio hana budi kuzunguka na kugusa vituo vyote. Sara Tucholsky wa Western Oregon aliupiga ukavuka, kisha akaumia goti karibu na kituo cha kwanza, asiweze kwenda mbele. Waamuzi wakasema wenzake hawaruhusiwi kumsaidia. Ndipo mpinzani wake, Mallory Holtman, akauliza kama wao wanaweza. Yeye na mwenzake wakambeba, wakimgusisha mguu kila kituo, na timu yao ikafungwa 4-2. Wasichana hao hawakusomea uadilifu kwetu. Sisi tulio na Qur'an mkononi tuna udhuru gani?

Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri. Nikaliambia darasa kuwa bao lile halikuwa haki yetu, na kwamba mimi niliyeona na kushangilia nina sehemu yangu katika kosa hilo. Baada ya kipindi kijana aliniomba nimsindikize akamtake radhi nahodha wa chuo jirani. Tulikwenda. Matokeo hayakubadilika, na baadhi ya wachezaji wenzake walimnunia muhula mzima. Hiyo ndiyo gharama ya ukweli, na si haki kumwachia kijana ailipe peke yake.

Kwa hiyo, walimu na makocha, kabla ya mechi tuwaambie vijana wetu wazi kuwa tuko radhi kufungwa kuliko kudhulumu. Na siku mmoja wao atakapomwendea refa na kusema "nimeunawa", tumbebe huyo mabegani.

Allah (s.w.) atujaalie kuwa wakweli, tuonwe tusionwe. Amin.