Makorongo na Mifongo



Katika Mwanzo 26 twasoma jinsi watumishi wa Isaka walivyochimba visima katika bonde la Gerari, na wachungaji wa huko wakagombana nao kwa ajili ya maji. Sisi tukaao Kilimanjaro twaielewa habari hii upesi.

Mlima wetu ulizaliwa kwa moto. Shira, Mawenzi na Kibo vilijengwa kwa mawe yaliyoyeyuka na majivu, na huo ndio udongo unaolisha migomba yetu. Kisha mvua za maelfu ya miaka zikakata makorongo marefu toka msituni hata nyikani. Kati ya korongo na korongo ukabaki mgongo wa nchi, na migongo hiyo ikapata Mangi zake na usemi wake. Hata leo mtu wa Machame na mtu wa Rombo hawasikilizani vema kwa Kichaga. Vita navyo vilikuwako. Mwaka 1891, Wadachi walipomshambulia Mangi Sina wa Kibosho, watu wa Mangi Rindi wa Moshi walifuatana nao.

Je, mawe ndiyo yaliyopigana? Hasha! Katika makorongo hayo hayo wazee wetu waliona maji yakipita chini sana, na mashamba yakikauka juu. Wakaupanda mto mpaka mbali, wakayatega maji huko, wakachimba mfongo ubavuni mwa korongo, ukishuka polepole kuliko mto wenyewe, hata ukatokea juu ya mgongo. Nao hawakuwa na vyombo vya kupimia! Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Zilikuwako siku za kuzibua, na zamu za maji, na faini kwa asiyekuja.

Utawala wa Mangi ulikomeshwa mwaka 1963, lakini korongo lingali mioyoni. Wako Wakristo wanaonung'unika wakiletewa mwinjilisti wa ng'ambo ya mto. Tena yuko afungaye maji usiku, shamba la jirani wa chini likauke, na Jumapili aja Mezani pa Bwana.

Isaka aliwaachia wagomvi visima viwili, akahama, akapata cha tatu, Rehobothi. Sisi tuhamie wapi? Vihamba vimejaa, na mifongo mingi imekwisha kukauka. Soma Mathayo 5, habari ya sadaka iachwayo mbele ya madhabahu. Ndugu huyo aende kwanza mfongoni, akafungue maji, ndipo aje.